Vitabu vya Kusomwa Dunguni

Mpunga ukianza kutia maziwa, familia nyingi za Malinyi, katika bonde la Kilombero, huhamia shamba. Huko bondeni, kwenye vibanda vya nyasi na madungu ya miti, kazi kubwa ni kulinda: mchana kweleakwelea, usiku nguruwe pori. Mlinzi ana saa nyingi za kukaa, lakini macho yake hayana ruhusa ya kuzama popote. Ndege wakishuka, ainuke, apige kelele, kisha arudi kukaa. Ukiniuliza kitabu gani kinafurahisha, nitajibu nikimfikiria mlinzi huyu akiwa na kitabu mkononi. Shuleni wengi wetu tulipewa orodha ya mtihani, na orodha hiyo imewaachia watu imani kwamba riwaya ni kitu cha kujibia maswali.

Kitabu cha dunguni kina masharti mawili. Kiweze kukatwa popote bila kupoteza uhai. Na jioni, watu wakisharudi kibandani, kiweze kusomwa kwa sauti mbele ya watoto na mbele ya bibi ambaye hakupata kwenda shule. Sharti la pili ndilo zito. Nikipima vitabu vya mila mbalimbali kwa sharti hilo, naona vinavyolitimiza vinafanana kwa jambo moja: ndani yake ameketi msikilizaji. Msimulizi wa mdomo haanzi mpaka watu waitikie, na akinyamaza, kuna anayeuliza, “Halafu?” Waandishi wanaojua kufurahisha wamemchukua mwitikiaji huyo wakamkalisha kwenye kurasa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Alfu Lela Ulela, kitabu cha Waarabu chenye asili za Uajemi na Uhindi, kilichosomwa kwa Kiswahili tangu enzi za Waingereza. Shahrazadi anasimulia ili asiuawe alfajiri, na mfalme mumewe anamwacha hai kwa sababu anataka kujua mwisho. Kwa hiyo kila hadithi imejengwa ikijua kwamba itakatizwa. Hakuna kitabu kinachomfaa mlinzi wa ndege kuliko hicho. Ukikifunga katikati ya sentensi, umefanya kama alivyofanya Shahrazadi mwenyewe.

Sasa kiweke kando ya Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Karibu na mwisho wa Alfu Lela kuna kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra. Mjumbe wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyekwenda kudai kodi, anamwona usiku akiwapiga mbwa wawili kisha akiwabembeleza. Mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa sababu ya usaliti wao. Shaaban Robert alikichukua kisa hicho. Liwali akawa Adili, mbwa wakawa manyani, Basra ikawa Janibu, Khalifa akawa mfalme Rai, na ndugu wakaitwa Hasidi na Mwivu, ili msikilizaji asihangaike kuwajua. Mpango wa kusimulia ameuacha vilevile: Adili anaitwa barazani, na mfalme anaketi kusikiliza. Alipobadili kwa nguvu ni mwishoni. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu wakisharudishiwa utu wao wanasaliti tena, nao wanauawa. Kwa Shaaban wanasamehewa. Wapo wanaomlaumu kwa kupenda mafunzo mno, na kweli, zipo kurasa ambamo wema wa Adili unachosha. Lakini soma kisa hicho mbele ya ndugu wanaogombania mpaka wa jaruba, na utaona kwa nini aliukataa mwisho wa zamani. Mwandishi huyu wa Tanga alijua anawasimulia watu watakaoendelea kuishi pamoja kesho yake.

Wapenda fumbo nawapeleka kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimtambulisha mpelelezi huyu katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960 kilichokwisha kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki kabla ya kuchapwa. Nasaba yake haijifichi. Kiko ni cha Sherlock Holmes, aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887, na Najum, rafiki wa Bwana Msa, amekalia kiti cha Daktari Watson. Lakini ukivisoma vitabu hivi kwa sauti, tofauti inatokeza. Holmes huona jivu la tumbaku na tope la kiatu, halafu anamwacha Watson akistaajabu. Bwana Msa naye huona vitu, ila njia yake kubwa ni mazungumzo: salamu, utani, mzunguko wa maneno, swali linalopita kama halina maana. Siri inajificha ndani ya ukoo, katika nani alimzaa nani na nani alinyamazishwa, si katika kipimo cha maabara. Hapo naiona baraza ya Unguja ikiishinda London, kwa sababu msikilizaji wa kibandani naye anajua kupeleleza ukoo, na ataanza kubashiri kabla ya Najum. Nashauri uanze na hicho cha kwanza, kisha Kisima cha Giningi. Abdulla huyo aliwahi kuhariri gazeti la Mkulima, na sentensi zake ni za mtu aliyezoea kueleweka shambani.

Elvis Musiba na Ben Mtobwa, wenye wapelelezi Willy Gamba na Joram Kiango, wana mbio zaidi na wanasomeka haraka. Nawapenda, lakini hao ni wa kusoma ndani ya treni ya TAZARA kutoka Ifakara, peke yako, bila bibi wala watoto.

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, inahitaji sauti kadhaa, na kibanda chenye vijana watatu kinatosha kuigawana. Hapa bondeni haisomwi kama habari ya Umatumbi, vita hivyo vilikoanzia, peke yake. Ukifika Lupiro, njia moja inakuja Malinyi na nyingine inapanda Mahenge, ambako Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani wakiamini maji yatawakinga na risasi.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kinatoka Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akamaliza mwaka 1945, hakupata mchapishaji kwa miaka mingi, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mke hana mtoto, wazazi wake wanamchukua, na mume anatafuta njia ya kumrudisha. Mengine ni salamu ndefu, pombe ya ndizi, mvua, mitumbwi, chakula, ugonjwa, mgeni aliyefika jioni. Msikilizaji hapa ni kijiji kizima, na kila anayebisha hodi anaelezwa habari upya. Msomaji wa mjini huruka kurasa hizo. Mtu wa Malinyi hatazikimbia, maana anajua mitumbwi na anajua ndoa inavyojadiliwa na watu wengi.

Bonde hili nalo liliandikwa, miaka kumi kabla Kitereza hajamaliza. Waingereza A. T. na G. M. Culwick walichapisha London mwaka 1935 Ubena of the Rivers, kitabu juu ya Wabena wa Mtoni wa Kilombero, na ndani yake mna sura iliyoandikwa na Mtema, yaani chifu, Towegale Kiwanga. Kina maarifa mengi, lakini ukikiweka kando ya Kitereza unaona pengo. Akina Culwick wanamweleza Mbena kwa Mwingereza asiyekuwepo. Kitereza anamsimulia Mkerewe, kisha Mswahili, habari za jirani yake. Ni ile sura ya Mtema tu inayotoka kinywani mwa mtu wa bonde. Ningependa vijana wa Malinyi waliosoma Kiingereza wakae na wazee wao, waisome sura hiyo kwa Kiswahili, wabishane nayo, wasahihishe wanapoona imekosea, na waandike wanayoyajua ambayo Mtema hakupata nafasi ya kuyasema.