Sumaku, Mganga na Ndege

Kila mtu aliyeshika dira anajua ginsi sindano yake inavyogeukia kaskazini. Nguvu inayoigeuza ni ya dunia nzima, lakini ni dhaifu: sumaku ndogo ya kubandika karatasi yaweza kuipita mara 100. Je, nguvu dhaifu namna hii inaweza kugusa kiumbe chenye uhai? Ulizo hili lina historia ya kutufunza.

Mwaka 1774, katika mji wa Vienna, Padri Maximilian Hell, mtazama-nyota, aliyekuwa Mjesuiti mpaka shirika lake lilipovunjwa mwaka 1773, alitengeneza sumaku za kuwekwa mwilini mwa wagonjwa. Mganga Franz Anton Mesmer akazipokea, akamtibu mwanamke mmoja, naye akapata nafuu. Basi Mesmer akaanza kufundisha kwamba chuma si kitu. Nguvu ya sumaku, alisema, imo ndani ya mwili wake yeye mwenyewe. Mwaka 1778 akahamia Paris, na watu wakamkimbilia wengi sana.

Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI akaagiza wenye elimu wachunguze jambo hilo. Kati yao walikuwa Benjamin Franklin na Lavoisier. Hawakubishana kwa maneno. Katika bustani ya Franklin, kule Passy, mfuasi wa Mesmer alitia “nguvu” yake katika mti mmoja. Kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho, akaongozwa mti kwa mti. Kwenye mti wa nne akazimia. Lakini ule haukuwa mti wenyewe! Wakaamua: si sumaku, ni mawazo ya mgonjwa tu.

Baada ya aibu ile ilikuwa rahisi kucheka kila habari ya sumaku na uhai. Lakini shurti tupambanue: wale walikanusha nguvu ya Mesmer, hawakukanusha kila nguvu. Mwaka 1965, huko Frankfurt, Friedrich Merkel na Wolfgang Wiltschko walieleza habari za ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu, anayehama kila mwaka. Walimweka kizimbani, wakageuza kaskazini ya sumaku kwa nyaya za umeme. Na ndege naye akageuka.

Tena mwaka 2014 wataalamu wa Oldenburg walionyesha kwamba ndege hao, wakiwekwa katika vibanda vya mbao mjini, walipoteza njia. Vibanda vilipofunikwa kwa mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi, wakaiona tena. Kilichowapoteza ni mawimbi hafifu mno yatokayo katika vyombo vya umeme. Na majaribio hayo yalifanywa kwa siri, asijue mpimaji ndege yupi yuko katika hali gani. Ndicho kile kitambaa cha macho cha Passy!

Basi, kipimo kilekile kilichomwangusha mganga kimemthibitisha ndege. Habari hizi ni za ndege. Hazituambii kwamba radio inaleta ugonjwa kwa watu. Kesho Mkristu akituletea bangili ya sumaku inayouzwa kama dawa ya kila ugonjwa, tusimcheke, wala tusimwamini muuzaji upesi. Tuulize tu: nani alifungwa macho?