Mistari, Msumeno na Feni: Historia ya Alama za Oveni ya Umeme

Alama zilizochorwa kuzunguka swichi ya oveni ya umeme hazisemi chakula gani kipikwe. Zinasema moto unatoka wapi na hewa inakwendaje. Mraba ni chumba cha oveni kikitazamwa kutoka mbele. Mstari mnyoofu ni koili inayotoa joto. Mstari wa meno ya msumeno ni koili ya grili, na panga zilizokutana katikati ni feni. Alama nyingi zilizobaki ni michanganyiko ya hizo nne. Sababu yake imo katika historia: oveni ya umeme haikutoka kiwandani ikiwa kamili. Iliongezewa koili, kisha kipimo cha joto, kisha feni, kwa muda wa karibu miaka 80, na kila nyongeza ikapata nafasi yake kwenye swichi.

Moto wa juu na moto wa chini

Kuoka kunataka joto lizunguke chakula pande zote. Kabla ya umeme, waokaji wa Ulaya walilipata kwa kuni na matofali. Moto uliwashwa ndani ya chumba kilekile cha kuokea, ukaachwa mpaka sakafu, kuta na dari zishike joto, kisha makaa yakaondolewa na mikate ikaingizwa. Joto lililohifadhiwa na matofali ndilo lililooka. Mwokaji alilikadiria kwa kuingiza mkono, au kwa kurusha unga kidogo sakafuni na kutazama unavyobadilika rangi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mkate wa mofa huokwa kwa kanuni hiyohiyo: donge hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililokwisha kupashwa moto. Pasipo na tanuri, hupaliwa makaa. Mfano mzuri ni mkate wa kumimina. Rojo la mchele na nazi lililoumuka humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, juu ya makaa machache. Ukishaanza kushika, sufuria hufunikwa kwa sinia au bati na makaa mengine huwekwa juu yake ili uso wa mkate upate rangi. Mpishi anaendesha mioto miwili kwa wakati mmoja. Chini kukinukia kuungua, hupunguza makaa ya chini. Uso ukibaki mweupe, huongeza ya juu au huyapepea.

Mraba wenye mstari mmoja juu na mwingine chini unaeleza mpango huohuo: koili moja kwenye dari, nyingine chini ya sakafu. Mstari wa chini peke yake ni moto wa chini tu, unaofaa kukausha kitako cha mkate au pai kilichobaki kibichi. Mstari wa juu peke yake ni moto wa juu tu, wa kumalizia rangi.

Umeme waingia tanurini

Mmoja wa watu wa mwanzo kuoka kwa umeme mbele ya umma alikuwa Thomas Ahearn wa Ottawa, Kanada, mfanyabiashara wa umeme aliyekuwa pia mmoja wa waanzilishi wa tramu za umeme za mji huo. Mwaka 1892 aliandaa katika hoteli ya Windsor mjini Ottawa karamu ambayo vyakula vyake vilipikwa kwa umeme. Mwaka uliofuata, maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago yalikuwa na jiko la mfano la umeme, na wageni waliona sufuria zikichemka pasipo moto wala moshi.

Kutoka maonyeshoni hadi majumbani palikuwa na kikwazo cha waya. Koili hutoa joto kwa sababu waya wake huupinga umeme unaopita, na waya wa kawaida ukishakuwa mwekundu katika hewa hupata kutu, huliwa na kukatika. Platinamu ilistahimili, lakini bei yake haikuwa ya jikoni. Suluhisho lilitoka Marekani, ambako Albert Marsh alipewa hataza mwaka 1906 ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, kwa kawaida sehemu 80 kwa 20. Waya huo ukipata moto hujifunika utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu, na utando huo huzuia hewa isiendelee kuula. Birika, pasi, vikaangio vya mkate na oveni za karne ya 20 zimejengwa juu ya waya huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuficha waya. Koili za mwanzo zilikaa wazi, na mchuzi ulioruka uliweza kuziharibu au kusababisha shoti. Baadaye waya uliingizwa ndani ya bomba la chuma lililoshindiliwa unga wa oksidi ya magnesiamu, ambao hupitisha joto lakini haupitishi umeme. Bomba hilo linaweza kupindwa umbo lolote: kuzungushwa sakafuni, kukunjwakunjwa chini ya dari, au kufanywa duara nyuma ya oveni. Maumbo hayo matatu ndiyo yaliyokuja kuchorwa kwenye swichi.

Kutoka hatua tatu hadi nyuzi

Swichi za mwanzo hazikuwa na nyuzi za joto. Zilikuwa na hatua tatu: moto mdogo, wa kati na mkubwa. Werevu wake ulikuwa katika kuunganisha koili mbili zilizo sawa kwa njia tofauti. Umeme ukipitishwa koili moja kisha nyingine kwa mfululizo, upinzani huongezeka maradufu na joto huwa dogo. Ukipita koili moja tu, joto huwa mara mbili ya lile. Kila koili ikipata umeme wake kamili kwa wakati mmoja, joto huwa mara nne. Mpishi alibaki na kazi ya kukumbuka kupunguza moto, kama alivyofanya na kuni.

Kipimo kinachojiongoza kilienea kwanza katika majiko ya gesi. Mwaka 1923 kampuni ya Radiation ya Uingereza iliuza jiko la gesi lenye kidhibiti kilichoitwa Regulo, na namba zake ndizo zilizozaa namba za gesi ambazo bado zinaonekana katika vitabu vya mapishi vya Kiingereza: namba 1 ni karibu nyuzi 140 za Selsiasi, namba 4 ni karibu 180. Oveni za umeme zilifuata, na katika miaka ya 1930 themostati ikawa jambo la kutarajiwa katika majiko ya umeme ya Uingereza na Marekani.

Themostati ya kawaida ni chombo kisicho na mambo mengi. Ndani ya oveni, kando ya ukuta, kuna kijiti chembamba cha chuma chenye umajimaji. Joto likipanda, umajimaji hutanuka, hupita katika mrija mwembamba kama waya hadi nyuma ya swichi, na kusukuma kiwambo kinachokata umeme. Oveni ikipoa kidogo, umajimaji hunywea na umeme hurudi. Ndiyo maana taa ndogo ya rangi ya chungwa au nyekundu huwaka na kuzimika muda wote wa kuoka. Inapozimika mara ya kwanza, oveni imefika kwenye joto lililochaguliwa na keki inaweza kuingizwa. Kuzimika huko ndiko kunakookoa uniti za umeme pia: oveni ya kilowati 2.5 haili uniti mbili na nusu katika kila saa, kwa kuwa koili zake hupumzika kila themostati inapokata.

Namba zenyewe ziliachana njia. Marekani ilibaki na Farenhaiti, Ulaya bara ikatumia Selsiasi. Maelezo ya mapishi ya Kiswahili yanayotaka moto wa 350 yanafuata desturi ya Farenhaiti, na kwenye swichi ya Selsiasi ni nyuzi 175 hadi 180. Oveni nyingi za Selsiasi huishia 250 au karibu na hapo.

Meno ya msumeno

Grili ni mbaniko uliogeuzwa: moto uko juu, nyama iko chini. Koili yake hutengenezwa kwa nguvu kubwa hadi iwe nyekundu, na joto lake husafiri kwa mionzi moja kwa moja hadi usoni pa chakula badala ya kusubiri hewa ipate moto. Uso wa nyama au jibini hupita haraka nyuzi 140 hivi. Hapo protini na sukari huathiriana na kutoa rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa, badiliko lililoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912.

Ili mionzi isichanganywe na moto wa juu wa kawaida, grili ilipewa mstari wa meno ya msumeno. Meno yaliyoenea upana wote wa mraba ni grili kamili. Meno machache katikati ni grili ndogo, inayopasha sehemu ya katikati ya trei tu. Wachoraji wengine hutumia mstari wa mawimbi, lakini mahali pake ni palepale juu ya mraba.

Feni

Katika oveni isiyo na feni, hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, hivyo trei ya juu na ya chini haziivi sawa. Isitoshe, kila kipande cha chakula huzungukwa na tabaka jembamba la hewa iliyopoa linalozuia joto lisiingie haraka. Feni hulipeperusha tabaka hilo.

Wazo hilo lilipata kazi angani kabla ya kuenea nyumbani. Mwaka 1945 William Maxson wa Marekani alitengeneza oveni ndogo yenye feni ya kupashia vyakula vilivyogandishwa ndani ya ndege, ambako nafasi ilikuwa finyu na abiria hawakuweza kusubiri. Katika majiko ya Ulaya, hatua kubwa ilikuja mwaka 1971, kampuni ya Neff ya Ujerumani ilipoanza kuuza mfumo wake wa CircoTherm. Feni ilizungushiwa koili ya duara kwenye ukuta wa nyuma. Feni huvuta hewa kupitia katikati, huipitisha kwenye koili na kuisambaza kandokando, kwa hiyo trei mbili au tatu huweza kuokwa kwa pamoja.

Tangu hapo kuna alama mbili za feni ambazo huchanganywa mara nyingi. Feni iliyo ndani ya duara ina koili yake yenyewe: duara ndilo koili. Feni iliyo kati ya mistari miwili haina moto wake. Inasambaza tu joto la koili ya juu na ya chini. Katika hali zote mbili chakula hupata joto haraka zaidi, na desturi ni kupunguza nyuzi 20 hivi kutoka katika kipimo kilichoandikwa kwa oveni isiyo na feni. Keki laini zinazoumuka polepole bado huokwa na wengi kwa mistari miwili bila feni, kwa kuwa upepo huweza kukausha uso kabla ya katikati kuinuka.

Michanganyiko mingine inasomeka kwa kanuni hiyohiyo. Feni chini ya meno ya msumeno ni grili yenye upepo, inayofaa kuku mzima: mionzi hupiga ngozi, upepo huivisha ndani. Duara la feni pamoja na mstari wa chini ni moto wa nyuma na wa chini kwa pamoja, unaotumika sana kwa piza, ambayo inataka kitako kikavu.

Kwa nini picha, si maneno

Oveni nyingi za Marekani ziliandikwa na bado zinaandikwa maneno: “Bake” kwa kuoka, “Broil” kwa moto wa juu wa kubanika. Kiwanda cha huko kilikuwa na soko kubwa la lugha moja. Ulaya haikuwa hivyo. Baada ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya kuundwa mwaka 1957 na ushuru kati ya wanachama kufutwa mwaka 1968, kiwanda kimoja kiliweza kuuza oveni ileile kwa Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano na Waholanzi. Kuchapisha paneli ya kila lugha kulikuwa gharama. Mchoro mmoja ulitosha.

Mwelekeo huo ulikuwa wa wakati wote ule. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 uliweka alama za barabarani za kimataifa, na mwaka 1973 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilitoa mkusanyiko wake wa alama za vifaa, unaojulikana leo kwa namba 60417. Humo zimo alama zinazoonekana kila mahali, kama kistari cha kuwasha na duara la kuzima. Kwa kazi za kupikia, hata hivyo, watengenezaji waliendelea na uhuru wa kuchora kwa namna zao. Ndiyo sababu panga za feni huwa tatu kwa mmoja na nne kwa mwingine, ingawa mahali pa mistari ndani ya mraba hapabadiliki.

Alama zisizo za kuoka

Alama chache hazihusu kuoka. Taa ya balbu huwasha mwanga wa ndani peke yake. Feni bila mstari wala duara, mara nyingi ikiwa na chembe ya theluji au tone la maji, huzungusha hewa bila moto ili kuyeyusha chakula kilichogandishwa. Wingu au matone huonyesha mvuke katika oveni zenye tangi la maji.

Kujisafisha kulianza kuuzwa na General Electric ya Marekani mwaka 1963. Oveni hufunga mlango wake, hupanda hadi karibu nyuzi 480 na kuyageuza mafuta yaliyoganda kuwa majivu ya kufutwa kwa kitambaa. Alama yake hutofautiana sana kati ya viwanda, na haipaswi kujaribiwa kwa kubahatisha.

Nyongeza ya karibuni ni kazi ya kukaanga kwa hewa, iliyoletwa kwenye oveni baada ya Philips kuanza kuuza kikaangio chake cha hewa mwaka 2010. Hapa hakuna chanzo kipya cha joto. Ni koili na feni zilezile zikiendeshwa kwa kasi na nguvu zaidi, huku chakula kikikaa kwenye wavu ili upepo ukifikie pia kwa chini.