Ganzi Ilivyosomwa: Ukoma na Historia ya Mishipa ya Fahamu

Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna mfereji mdogo wa mfupa. Humo hupita mshipa wa fahamu uitwao alna, ule unaokurusha mkono ukijigonga kwenye pembe ya meza. Kwa mtu mwenye afya ni laini, na unateleza chini ya kidole. Kwa mwenye ukoma mara nyingi umevimba na kukakamaa kama kamba ya katani, na ukiubonyeza mgonjwa hukunja uso. Tangu nilipoajiriwa kliniki ya ukoma hadi nilipostaafu, kuutafuta mshipa huo na wenzake kwa ncha za vidole ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Naandika historia hii kwa sababu bado nawasikia watu wazima wakisema ukoma hula vidole. Hauli. Kwa karne nyingi uvumi huo umewatoa watu majumbani mwao, umevunja ndoa, umewanyima watoto shule. Kilichouvunja ni elimu ya mishipa ya fahamu, na elimu hiyo ilikusanywa kidogo kidogo, tena na watu ambao wengi wao hawakuwa na ukoma akilini.

Wa kwanza kumtaja ni Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya 2 aliyewahi kuwauguza wapiganaji wa viwanjani. Alimchukua nguruwe anayepiga kelele, akafunga kwa uzi mishipa fulani ya shingoni, na kelele zikakatika papo hapo. Alipofungua uzi, sauti ikarudi. Watazamaji walijionea kwamba amri hutoka kwenye ubongo na kusafiri ndani ya mishipa hiyo. Galen aliamini kinachosafiri humo ni aina ya pumzi, na waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu waliishi na fikra hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hatua iliyotufaa sisi wa ukoma ilikuja karne ya 19. Mwaka 1811, jijini London, Charles Bell alichapisha kijitabu kuhusu mizizi ya mishipa inayotoka kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1822 François Magendie wa Ufaransa akakamilisha hoja kwa kuwapasua watoto wa mbwa: ukikata mzizi wa nyuma, mguu hausikii, ukikata wa mbele, mguu haujongei. Binadamu ana jozi 31 za mishipa inayotoka kwenye uti wa mgongo, mbali na jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Kila mshipa wa uti wa mgongo una mizizi hiyo miwili, na baada ya kuungana, nyuzi za kuhisi na za kujongeza husafiri pamoja hadi mkononi au mguuni. Kwa hiyo uvimbe mmoja tu penye kiwiko waweza kuiba hisia na nguvu kwa mpigo.

Mjini Bergen, Norway, ukoma ulikuwa mwingi kiasi cha kuwa na hospitali zake. Daniel Danielssen na Carl Boeck walitoa mwaka 1847 kitabu chenye michoro, wakatenganisha ukoma wa vinundu na ukoma wa ganzi, na kuonyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyoharibika. Walikosea walipodhani ugonjwa unarithiwa. Aliyesahihisha hilo ni Armauer Hansen, mkwe wa Danielssen mwenyewe: mwaka 1873 aliona vijidudu vya ukoma kwa hadubini.

Kulibaki fumbo la ngozi. Penye baka la ukoma hapatoki jasho. Jibu lilianzia Cambridge, kwa John Langley. Mwaka 1889, yeye na William Dickinson walipaka nikotini, sumu ya tumbaku, juu ya vituo vya neva vilivyo nje ya uti wa mgongo, na kuona ujumbe ukikwama hapohapo. Kwa njia hiyo Langley alichora ramani ya nyuzi zinazofanya kazi bila kuulizwa: zinazopanua mboni, zinazobana mishipa ya damu, zinazotoa jasho kwenye nyayo za paka. Mwaka 1898 aliupa mfumo huo jina la mfumo unaojiendesha. Nyuzi za jasho hutoka sehemu ya kifua na kiuno ya uti wa mgongo, hupita kwenye mnyororo wa vituo kando ya mifupa ya mgongo, kisha hujiunga na mishipa ileile iendayo mikononi na miguuni. Mshipa ukifa, jasho nalo hukauka. Ngozi hupasuka, uchafu huingia kwenye nyufa, na mgonjwa hasikii.

Wakati hayo yanajulikana maabara, huku kwetu tiba kubwa ilikuwa kutengwa. Mwaka 1931 Dkt. Leonard Sharp alianzisha makazi ya wenye ukoma katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi, Uganda. Waliishi humo, wakalima, wakasali. Walihifadhiwa kwa wema, lakini vidole viliendelea kupotea, kwa kuwa hakuna aliyejua hasa vinakwendaje.

Aliyelifuatilia swali hilo hadi mwisho ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyezaliwa India na kurudi huko mwaka 1946 kufundisha mjini Vellore. Mwaka uliofuata alitembelea hospitali ya ukoma ya Chingleput. Akamwomba mgonjwa mwenye vidole vilivyojikunja ambinye mkono. Alibinywa hadi akaumia. Basi misuli ile haikuoza. Baadhi ilikuwa imepooza na mingine ilikuwa na nguvu zake zote. Alipochunguza maiti, alikuta mishipa imevimba pale inapopita karibu na ngozi: juu kidogo ya kiwiko, penye kifundo cha mkono, penye goti, nyuma ya kifundo cha mguu. Hizo ni sehemu za ubaridi, na vijidudu vya ukoma hupenda ubaridi. Kwa kuwa misuli mizima ilijulikana, kuanzia 1948 alihamisha kano zake na kuzipa kazi ya iliyopooza, na vidole vikanyooka.

Vidole vilivyopotea navyo vikapata maelezo. Mgonjwa alishika sufuria ya moto, akatembea na msumari ndani ya kiatu, akazungusha ufunguo mgumu hadi nyama ikachanika, bila kusikia lolote. Wengine waliamka asubuhi vidole vimepungua. Waangalizi walipokesha kuwachungulia waliolala, waliona panya wakitafuna. Dawa ya hapo ilikuwa paka.

Nilichorithi kutoka kwa historia hii ni vipimo vya mkono mtupu. Mgonjwa hufumba macho, nami humgusa kiganja na nyayo kwa ncha ya kalamu, kwa wepesi, naye aonyeshe nilipogusa. Hukaza kidole kidogo dhidi ya changu. Huinua mguu nami naukandamiza. Ganzi ikiwa ya miezi michache tu, dawa ya prednisoloni yaweza kuuokoa mshipa. Dawa mseto za rifampisini, dapsoni na klofazimini, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, humaliza ugonjwa kwa miezi 6 au 12, lakini haziurudishi mshipa uliokufa. Mgonjwa mwenye mshipa kama huo hufundishwa kuloweka miguu majini, kuipaka mafuta ikiwa bado ina unyevu, na kuikagua kila jioni.

Ukoma umepungua, na vijana wengi wa utabibu hawajawahi kuugusa mshipa uliovimba. Hilo ni jambo jema, lakini lina hatari yake. Kisukari hushambulia nyuzi zilezile: za kuhisi, za kujongeza na za jasho. Nyayo hukauka, hupasuka, hufa ganzi, na mguu hukatwa kwa kidonda ambacho mwenyewe hakukisikia. Kipimo chake ni uzi wa nailoni unaopinda kwa msukumo wa gramu 10, na hata pasipo uzi vidole vipo. Anayemtibu mgonjwa wa kisukari bila kumvua viatu amefanya nusu ya kazi.