Kukabidhi Kazi na Kuirudia: Somo la Mwaka 1962

Hapana kazi ya binadamu isiyokuwa na siku ya kuachwa. Mkulima huweka jembe baada ya mavuno, nahodha hupandisha chombo pwani pepo zigeukapo, na karani hufunga majalada yake aendapo likizo. Kuacha kwenyewe si jambo gumu. Magumu ni mawili yanayokuzunguka kuacha huko: namna kazi inavyotiwa katika mikono ya mwingine kabla ya safari, na namna inavyopokewa tena baada ya marejeo. Aghalabu twawapima watu kwa kazi waliyoifanya walipokuwapo. Ni mara chache tunapowapima kwa hali ya kazi yao walipokuwa hawapo, ilhali kipimo hiki cha pili hufichua mengi kuliko cha kwanza.

Katika insha hii nakusudia kulichungua jambo hilo kwa mfano mmoja wa historia yetu, yaani muda wa miezi kumi na zaidi, baina ya Januari na Desemba 1962, ambapo Julius Nyerere aliacha cheo cha Waziri Mkuu wa Tanganyika, akamkabidhi Rashidi Kawawa, kisha akarudi kuiongoza nchi akiwa Rais. Yamkini msomaji atasema kwamba hiyo haikuwa likizo. Ni kweli, hakwenda kupumzisha mwili. Lakini alijitenga na kazi ya kiti chake kwa muda, kazi ikaendelea mikononi mwa mwenziwe, naye akairudia. Hayo ndiyo maungo ya likizo yo yote, iwe ya Waziri Mkuu au ya mwandishi wa daftari.

Kwanza yafaa tuyatazame maneno mawili. Kukabidhi ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kushika kwa mkono. Basi anayekabidhi hasemi tu. Hutia kitu katika kiganja cha mwingine mpaka vidole vya mwingine huyo vikifumbate. Kaimu, neno la asili ileile ya Kiarabu, ni mtu asimamaye mahali pa mwingine. Tofauti ya maneno haya ni kubwa. Kaimu husimama penye kivuli cha mwenye mahali, na kila afanyapo neno hujiuliza, “Je, bwana atakaporudi ataridhika?” Aliyekabidhiwa hasa ameshika, na ashikaye hukata shauri.

Chini ya utawala wa Kiingereza, nchi ilizoea zaidi desturi ya ukaimu. Bwana shauri alitumika wilayani kwa muda wa miaka kama miwili au mitatu, kisha akaenda likizo ndefu kwao Uingereza. Kabla ya kuondoka aliandika maelezo ya makabidhiano kwa ajili ya atakayekuja: habari za kodi, za mashauri ya ardhi, za majumbe waaminifu na wasumbufu, na za barabara zilizohitaji kutengenezwa. Tena palikuwa na Kitabu cha Wilaya, ambamo habari za makabila, mila na watawala ziliandikwa na kuongezwa mwaka baada ya mwaka. Haifai kuidharau desturi hiyo. Maandishi yale leo ni hazina ya wanahistoria, na ofisi nyingi za siku hizi hazina yanayofanana nayo.

Hata hivyo desturi hiyo ilikuwa na dosari kubwa. Mara nyingi bwana shauri aliyekwenda livu hakurudishwa katika wilaya ileile. Alipelekwa kwingine, na huku akaja mwingine mwenye fikira nyingine. Mmoja alihimiza matuta, wa pili alihimiza pamba, na watu wakangoja kuona wa tatu atahimiza nini. Aliyebaki mahali pake siku zote ni karani, tarishi na mkalimani. Hao ndio waliojua jalada gani limelala wapi na ahadi gani imetolewa kwa nani; lakini hawakuandika maelezo ya makabidhiano, wala hawakuulizwa. Hivyo kumbukumbu ya kazi ilikuwa kwa watu wasio na madaraka, na madaraka yalikuwa kwa watu wasio na kumbukumbu. Uhuru ulirithi pengo hilo. Desemba 1961, katika nafasi 4,452 za madaraka ya juu na ya kati serikalini, wananchi walishika 1,170 tu.

Nyerere mwenyewe alikwisha kuonja ugumu wa kurudia kazi. Mwaka 1955, akiwa mwalimu huko Pugu, alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa achague baina ya ualimu na siasa, akauacha ualimu. Kiti chake hakikuwa kimeondoka, bali yeye ndiye hakuweza tena kukikalia kama zamani. Safari hubadili kazi, na tena humbadili msafiri. Anayetumaini kukuta kila kitu kama alivyokiacha hujidanganya mara mbili.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, baada ya mkutano wa Halmashauri Kuu ya TANU, ilitangazwa kwamba Nyerere amejiuzulu. Watu wengi walishangaa, na wengine wakaingiwa na hofu. Mambo yalikuwa mazito: wanachama wengi walitaka vyeo vya serikali vishikwe na Waafrika upesi, na Oktoba 1961 palikuwa na mabishano makali Bungeni juu ya uraia, ambapo Nyerere alikataa katakata uraia wa kubagua rangi. Tena TANU, chama kilichokuwa na shabaha moja ya kuleta uhuru, kilikwisha kuipata shabaha yake, na viongozi wake wengi walikuwa wamehamia katika ofisi za serikali. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka kukijenga chama upya na kuwaandaa wananchi kwa kazi ya kujenga taifa.

Angalia namna alivyokabidhi. Hakumwacha kaimu. Kawawa hakuambiwa ashike kamba mpaka mwenye ng'ombe arudi. Alikuwa Waziri Mkuu kamili, mwenye baraza lake la mawaziri. Wala hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa mtumishi wa serikali na kiongozi wa chama cha watumishi wenziwe, akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955, kisha waziri. Aliyekabidhiwa alikuwa tayari ameshika mpini wa kazi nyingine, na hapana makabidhiano mema kwa mkono usiokomaa.

Naye aliyeondoka alifanya nini? Alizunguka nchini, akaonana na wanachama wa matawi, akafundisha na kusikiliza. Aprili 1962 kijitabu chake juu ya Ujamaa kilitolewa, nacho kikawa msingi wa mawazo yaliyotawala nchi kwa miaka mingi. Ni dhahiri kwamba fikira ya namna hiyo haipati nafasi ya kutosha baina ya jalada na jalada. Mtu aliyezingirwa na haja za kila siku huona haja hizo tu. Akisimama kando kidogo, huiona njia.

Methali yetu yasema, “Paka akiondoka, panya hutawala.” Mwaka ule methali haikusadiki. Serikali ya Kawawa haikulala ikingoja. Uongozi wa majimbo na wilaya ulitolewa katika mikono ya mabwana shauri na kutiwa katika mikono ya wakuu wapya waliotoka katika siasa. Mpango wa kuwapa wananchi vyeo uliharakishwa, hata mwishoni mwa mwaka ile hesabu ya 1,170 ikafika 1,821. Mapendekezo ya jamhuri yalitungwa, yakatangazwa na kujadiliwa, na Bunge likapitisha katiba mpya. Zilipitishwa pia sheria ngumu. Sheria ya mashauri ya kazi ilibana sana uwezo wa wafanyakazi kugoma, nayo ililetwa na serikali ya mtu aliyepata jina katika vyama vya wafanyakazi. Septemba 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumpeleka mahakamani.

Novemba 1962 wananchi walipiga kura kumchagua Rais. Nyerere alipata kura 1,127,978, na mshindani wake, Zuberi Mtemvu wa African National Congress, alipata 21,276. Tarehe 9 Desemba Tanganyika ikawa jamhuri. Cheo cha Waziri Mkuu kikaondolewa, na Kawawa akawa Makamu wa Rais. Hapa pana jambo la pili la kuangaliwa. Warudiao kazi wengi huanza kwa kufumua kilichofumwa na wenzao, ili watu wajue mwenye mji amerudi. Nyerere hakufumua. Alijenga juu ya kazi ya mwaka ule, na yule aliyemshikia kiti akabaki karibu naye. Kumshusha kaimu siku ya marejeo ni kuwafundisha watu wote kwamba kushika kazi ya mwingine kwa bidii ni hatari.

Hata hivyo, haki yatulazimisha tuutazame upande wa pili. Mkosoaji aweza kusema kwamba Nyerere hakuondoka hasa, kwa kuwa aliendelea kuwa rais wa TANU, na serikali ilikuwa ya TANU. Aweza kuongeza kwamba kiti alichokirudia hakikuwa kile alichokiacha. Alikiacha kiti cha Waziri Mkuu chini ya Gavana Mkuu aliyemwakilisha Malkia. Akakirudia kiti cha Rais mwenye amri kubwa. Tena methali nyingine yanena, “Aliye kando haangukiwi na mti.” Sheria zile ngumu zilipitishwa katika zamu ya mwenziwe, lakini mamlaka ya kuzitumia yalimngoja yeye.

Hoja hizi haziwezi kupuuzwa, na kwangu ndizo kiini cha somo. Sheria ya kizuizini haikufutwa aliporudi. Basi dhima yake ni ya nani: ya aliyeipitisha, au ya aliyeipokea na kuitumia? Naona ni ya wote wawili. Kukabidhi huhamisha kazi, lakini hakufuti dhima. Anayeondoka amemchagua wa kumwachia, na arudipo akakubali kuendelea na jambo lililofanywa nyuma yake, amelitia sahihi kana kwamba alikuwapo. Kwa kipimo hichohicho, sifa za mwaka ule haziwezi kuwa za mtu mmoja. Vitabu vingi huuita mwaka 1962 mwaka wa Nyerere kujenga chama na kuandika Ujamaa. Ulikuwa vilevile mwaka wa Kawawa kuendesha dola changa bila ya kuvunjika, na pasipo kazi hiyo ya pili ile ya kwanza isingewezekana. Tukimlaumu kwa sheria ngumu, hatuna budi kumshukuru kwa jamhuri.

Miaka 23 baadaye Nyerere aliondoka tena, safari hii bila nia ya kurudi. Kwa tendo hilo alitumia neno la Kizanaki, kung'atuka, likaingia katika Kiswahili cha wote. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais. Lakini uenyekiti wa chama ulibaki kwa Nyerere mpaka 1990. Jambo ni la kustaajabisha: mwaka 1962, alipokusudia kuirudia kazi, alikabidhi kiti chote cha serikali kwa siku moja, mwaka 1985, alipokusudia kuiacha kabisa, ilichukua miaka mitano mkono wa pili kuachilia. Huenda ndiyo tabia ya binadamu. Ni rahisi kuachilia tunachojua kitarudi.

Wanafunzi wanaosoma kurasa hizi watakuwa wakuu wa shule, wa ofisi na wa idara, na kila mmoja ataaga siku moja akiacha ufunguo kwa mwenziwe. Historia hii inawaachia maswali matatu ya kujiuliza. Kabla ya kuondoka: je, nimemwachia mwenzangu kazi, au nimemwachia kivuli changu akilinde? Nikiwa mbali: je, kumbukumbu ya kazi imeandikwa mahali panaposomeka, au imo kichwani mwangu na mwa karani ambaye hakuna amwulizaye? Na nikirudi: je, niko tayari kubeba yaliyofanywa nisipokuwapo, mazuri na mabaya, na kumtaja kwa jina aliyeyafanya? Anayeweza kujibu maswali hayo bila kuinamisha uso na aende likizo yake kwa amani.