Wanachomtaka Tai

Kwenye Ziwa Naivasha, nahodha wa boti ya watalii huwa na kisamaki kilichokufa miguuni pake, kimechomekwa kipande cha funjo mdomoni ili kisizame. Boti ikikaribia migunga ya ukingoni, hupiga mluzi. Kwazi aliyetulia juu, kichwa cheupe kama kilichopakwa chokaa, anaujua mluzi huo vizuri kuliko abiria. "Kamera ziko tayari?" Kisamaki hurushwa, ndege hushuka kwa mshazari, hutanguliza kucha na kukinyakua bila kulowesha tumbo. Boti nzima hushangilia. Jioni, hotelini, watu husimuliana walivyomwona tai akiwinda. Kwa hesabu yangu, walimwona akipokea mshahara.

Simsuti nahodha, maana biashara hii si ya Naivasha peke yake. Rausu, kaskazini mwa Japani, mwezi Februari, boti huondoka alfajiri kuelekea kwenye mapande ya barafu yaliyosukumwa kutoka Bahari ya Okhotsk. Samaki hutupwa juu ya barafu, na kwazi wa Steller, ambao mkubwa wao hufikia kilo 9, hutua kugombania huku lenzi zikilia. Katika kisiwa cha Mull, Scotland, hali ni hiyo hiyo kwa kwazi mwenye mkia mweupe. Huyo Waingereza walimmaliza kabisa (wa mwisho alipigwa risasi Shetland mwaka 1918), kisha kuanzia 1975 wakaleta makinda kutoka Norway na kuyaachia kisiwa cha Rum. Wajukuu wa wageni hao leo nao wanalipwa kwa samaki.

Mila ya kutazama ndege kwa darubini hujisifu kwamba haimtaki ndege kitu. Kihistoria ina haki ya kujisifu, maana ilizaliwa pale bunduki ilipowekwa chini. Mwaka 1900, Mmarekani Frank Chapman aliwashawishi watu waliozoea kushindana kuua ndege siku ya Krismasi wawahesabu badala yake. Mwaka 1934, Roger Tory Peterson akatoa kitabu cha michoro kilichomwezesha mtu wa kawaida kumtambua ndege kwa mbali, akiwa hai. Hata hivyo, mwenye darubini naye ana anachokitaka. Anataka ndege aonwe, tena leo, kabla ya chakula cha mchana, aandikwe kwenye orodha.

Mkazakh wa Bayan-Ölgii, magharibi mwa Mongolia, hana unafiki wa aina hiyo: anataka mbweha. Humkamata tai wa milimani akiwa bado mchanga, kiotoni au kwa wavu, na humchagua jike kwa sababu ndiye mkubwa na mkali zaidi. Humvalisha kofia ya ngozi inayoziba macho, humlisha kwa mkono wake mwenyewe, hukesha naye mpaka amzoee. Wakiwa juu ya farasi, mkono wenye glavu huegemezwa kwenye kijiti chenye panda kilichofungwa tandikoni, kwa kuwa hakuna bega linaloweza kubeba kilo 5 au 6 kutwa nzima. Baada ya misimu kadhaa, desturi inamtaka mwindaji amrudishe mlimani na kumwachia kondoo aliyechinjwa, kama mtu anayemfungashia mgeni wake njiani. Mtu huyu anamjua tai mmoja kuliko mwenye orodha anavyowajua mia. Lakini gharama ya ujuzi huo hulipwa na tai, kwa miaka yake ya ujana.

Kwetu pia kuna mila ya kutazama ndege, ila hakuna anayeihesabu kuwa mila: kuamia. Mtoto aliyepandishwa dunguni mpunga ukianza kukomaa, kombeo mkononi, hahitaji kitabu cha michoro. Hulijua kundi la kwelea kwa linavyopinda angani, huijua saa ya kushuka kwao, na hujua kwamba mwewe akipita juu, kundi litatawanyika lenyewe na yeye atapumzisha koo. Anachotaka ni ndege aondoke. Ujuzi wake hauandikwi popote. Akihamia mjini, unaondoka naye.

Hapo ndipo daftari linaponivuta, pamoja na dhihaka zangu zote. Charles Broley, meneja wa benki wa Kanada aliyestaafu, alianza mwaka 1939 kupanda miti mirefu ya Florida, akiwa na umri wa karibu miaka 60, ili kuwavalisha pete makinda ya tai yule wa nembo ya Marekani. Aliwavalisha zaidi ya 1,000. Kuanzia 1947 akaanza kukuta viota bila makinda, naye akaviandika pia. Rachel Carson alizitumia kumbukumbu hizo katika kitabu chake cha 1962 kuhusu sumu za mashambani. Mojawapo, DDT, ilikuwa ikiyafanya maganda ya mayai yawe membamba. Mwaka 1963, ukiondoa Alaska, Marekani ilibaki na jozi 417 tu zilizokuwa zikitaga. Matumizi ya dawa hiyo mashambani yakapigwa marufuku mwaka 1972.

Kiota kitupu ni kitu ambacho boti ya Rausu haiwezi kukiuza na mwindaji wa Bayan-Ölgii hana kazi nacho. Nchini Kenya, Leslie Brown, bwana shamba wa enzi za ukoloni, alirudi mwaka baada ya mwaka kwenye kilima kimoja cha Embu kuandika ni tai gani ametaga na nani hakutaga. Mwaka 2022 watafiti walichapisha ulinganisho wa hesabu zilizofanywa kutoka kwenye magari katika barabara za Kenya miaka ya 1970 na za karne hii: ndege wengi wala nyama wamepungua vibaya, hasa nje ya hifadhi, na miongoni mwa mambo yanayolaumiwa ni sumu anayotegewa simba au fisi, na nyaya za umeme. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kuna watu waliopita kilomita nyingi bila kuona tai hata mmoja, wakaandika sifuri.