Manda Ilitangulia Piza

Alasiri inapogeuka jioni, katika nyua za Tandika, Mbagala na Mwananyamala jijini Dar es Salaam, karai lilelile linalokaangia sambusa siku hizi hukaangia pia roli za piza: manda iliyoviringishwa kama kidole, ndani yake nyanya zilizokaushwa motoni, nyama ya kusaga, pilipili hoho, na chizi kidogo pale mfuko unaporuhusu. Wapo wanaozilaumu kuwa ni ugeni ulioingia kwa mlango wa simu. Wapo wanaozidharau kwa sababu iliyo kinyume kabisa, kwamba si piza ya kweli. Naona pande zote mbili zimeshika jina na kuacha chakula chenyewe. Kigeni kilichomo ni jina na baadhi ya vitu vya ndani; manda, karai, namna ya kufunga na uhuru wa mpishi kuamua kiasi ni mambo ya zamani ya pwani hii. Tena huo uhuru wa kuyageuza mapishi yafuate ulimi wa nyumba na fedha iliyopo ndiyo njia iliyotuwezesha kukaa na vyakula vyetu muda wote huu.

Ushahidi wa kwanza ni sambusa yenyewe. Jina lake limetoka Uajemi, na mwanahistoria Bayhaqi, aliyeandika kwa Kiajemi katika karne ya 11, anaitaja. Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kwa Mogadishu anaeleza wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na tangawizi. Kwa Mombasa anataja ndizi na samaki. Sambusa anaieleza baadaye, alipofika India ya Sultani Muhammad bin Tughluq: nyama iliyokatwakatwa na kupikwa na lozi, jozi, pistashio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba. Kunyamaza kwake kuhusu pwani hakuthibitishi kwamba sambusa haikuwako huku, lakini maelezo yake ya India yanatupa kipimo. Iweke sambusa hiyo kando ya ile ya Temeke. Lozi hazimo, wala pistashio. Imo ndimu, na imo pilipili kali, mmea wa bara la Amerika ulioenea katika bahari hii kwa merikebu za Wareno. Hata unga wa ngano ulikuwa kitu cha kununua; mikate ambayo pwani ingeweza kuitengeneza kwa mazao yake ni ile ya mchele na mtama, kama mkate wa kumimina na mkate wa mofa. Basi anayeitetea sambusa kuwa chakula cha asili dhidi ya roli za piza anatetea kitu kilichogeuzwa tangu ngozi yake hadi ndani, na kikawa chetu kwa kugeuzwa huko.

Kazi ya manda inastahili kutazamwa kwa karibu, maana humo ndimo historia imehifadhiwa vizuri kuliko katika vitabu. Unga hukandwa kwa maji na chumvi, ukakatwa madonge. Madonge hupakwa mafuta, hunyunyiziwa unga, hubebanishwa na kusukumwa kwa pamoja mpaka yawe duara moja pana. Duara hilo hupitishwa kwenye chuma cha chapati kwa muda mfupi tu, lisije likaiva na kukakamaa, kisha tabaka hubanduliwa zingali moto na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Anayejua kazi hiyo anajua pia sheria yake kuu, kwamba maji ni adui. Nyama ya sambusa hukaushwa mpaka sufuria ianze kulia, la sivyo manda hulowa na kupasuka ndani ya mafuta. Ndiyo sababu mchuzi wa nyanya wa piza, unaopakwa mbichi au mzito kidogo tu juu ya mkate unaookwa kwenye tanuri, haufai hapa kama ulivyo. Mpishi wa uani huupika na vitunguu, kitunguu saumu na karoti mpaka ushikamane kama achari nzito. Chizi huyeyuka na kutafuta tundu la kutokea, kwa hiyo hukunwa kidogo na kuzungushiwa nyama, na ncha za manda hugandishwa kwa uji mzito wa unga. Majani makavu ya Kiitaliano hayapatikani kwa urahisi kwenye genge la mtaani, lakini giligilani ipo. Mabadiliko haya yamefanywa na mtu anayeelewa kwa nini mapishi ya kwanza yalikuwa vile, na kwa nini hayawezi kuwa vile hapa.

Atasema mtu kwamba piza ina wenyewe, na kwamba kuna kanuni. Kweli zipo: mjini Napoli kulianzishwa chama mwaka 1984 cha kulinda piza ya huko, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Urithi huo unastahili heshima. Lakini nyanya ya Napoli nayo ilitoka Amerika, na roli za piza hazikuzaliwa Napoli hata kidogo. Zilitoka Duluth, katika jimbo la Minnesota, miaka ya 1960. Jeno Paulucci, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, alikuwa ametajirika kwa kuuza vyakula vya Kichina vya makopo. Baada ya kuiuza kampuni yake ya vyakula hivyo mwaka 1966 alimtumia Beatrice Ojakangas, mpishi wa asili ya Kifini, kubuni vitu vipya vya kufunga ndani ya unga wa roli za Kichina. Mchanganyiko wa piza ndio uliopendwa. Mpishi wa Tandika anayeweka mchanganyiko huohuo ndani ya manda ya sambusa amefanya jambo lilelile, kwa unga alioujua tangu utotoni.

Kwa nini jambo hili limeshika uani badala ya hotelini? Jibu liko katika mji wenyewe. Wakoloni wa Kiingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda, na Waafrika wakawekwa Uswahilini. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitaa kama Magomeni na Temeke ikapanuliwa kwa ajili yao. Nyumba za huko, vyumba vya safu mbili na ukumbi katikati, hupikia nyuma, uani, kwa mkaa na kwa pamoja. Tanuri halikuwa sehemu ya nyumba hiyo. Kisha ikaja miaka ya 1980: foleni za unga na sukari, msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, mishahara isiyofika hata nusu ya mwezi. Mtafiti Aili Mari Tripp ameonyesha jinsi wanawake wengi wa jiji hili walivyoingia wakati huo katika miradi midogo, maandazi na vitumbua vikiwamo, na jinsi mapato hayo yalivyozidi mishahara ya kazi rasmi. Chakula cha biashara ya namna hiyo kina masharti: kiive kwa karai, kiuzwe kimoja kimoja, na robo kilo ya nyama igawanyike mara nyingi. Piza nzima haitimizi hata sharti moja. Ikiviringishwa katika manda, inayatimiza yote. Kule Forodhani, Unguja, jina la piza limepewa mkate mwembamba unaokunjwa na mayai na nyama ya kusaga, ambao ndugu zake wanajulikana Uarabuni kwa jina la mutabbaq. Mombasa huitwa mkate mayai. Huko nako jina ndilo lililofika mwisho.

Lipo pingamizi moja ninalolikubali, nalo ni zito kuliko hayo ya jina. Ngano nyingi ya Tanzania hutoka nje, na vita vya Ukraine mwaka 2022 vilionyesha jinsi bei ya andazi la Mbagala inavyofungwa na bahari za mbali. Kila kitafunwa kipya cha ngano kinaongeza utegemezi huo, na kinaweza kukisogeza kando kitumbua cha mchele. Hata hivyo lawama hiyo inaziangukia chapati, maandazi na sambusa kabla ya kuzifikia roli za piza, na dawa yake imo katika tabia ileile ninayoitetea. Anayeweza kutoa lozi akatia ndimu, akatoa majani ya Kiitaliano akatia giligilani, anaweza pia kuchanganya unga wa muhogo katika manda na kujazia samaki aliyechambuliwa badala ya nyama. Mapishi yetu yanaposema chumvi kiasi, pilipili kiasi, yanamwachia nafasi hiyo. Na katika sinia za futari za mitaa hii, roli za piza zimekwisha kulazwa kando ya sambusa na kachori, zote zikisubiri kipande kilekile cha ndimu.