Mashine Isiyozeeka

Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilianzishwa 1977, na mwaka huohuo ikabeba Kenya Cup. Hebu soma tena hapo. Makomredi wa kulala hosteli, msimu wao wa kwanza, wakamaliza mbele ya klabu kongwe za jijini kama Nondies, iliyokuwepo tangu 1923.

Habari hizi nilizipata huku Othaya, kwa baba mdogo, tukingoja gari la kiwanda lije kuchukua majani chai. Gari likichelewa (na lazima lichelewe), yeye huanza stori za Machine. Alikuwa campo mwishoni mwa miaka ya themanini. Wazee walioketi juu ya magunia ni watu wa soka, raga hawaijui kabisa, lakini humsikiliza.

Mimi campo nilikaa miaka miwili tu, karo ikakataa. Labda ndiyo maana timu hii hunigusa: hakuna anayekaa. Klabu nyingine humlea mchezaji hadi apate kitambi. Machine ilikuwa inampoteza akishaiva tu. Enzi hizo mtu alitoka kidato cha sita, na digrii nyingi zilikuwa za miaka mitatu. Ukijifunza kusukuma skramu mwaka wa kwanza, wa tatu tayari unaaga.

Sasa fikiria 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi, chuo kilifungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na hakikufunguliwa hadi 1983. Vitabu vya historia huongea juu ya siasa, na ni sawa. Lakini kwa mwanaraga wa miaka mitatu, mwaka mmoja ni theluthi ya maisha yake yote uwanjani. Nani angemfundisha mgeni?

Bado walijijenga upya. 1989 wakachukua kombe, 1990 wakalirudia, mwaka uleule wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walipoingia chuo kikuu. Tangu hapo kombe hilo halijarudi kwao.

Nikimuuliza baba mdogo matokeo ya mechi, hakumbuki hata moja. Anachokumbuka ni kutoka Ngong Road usiku kwa miguu, kundi zima, sauti zimekauka kwa kuimba, na hakuna aliyekuwa na nauli.